Nakagin: Mnara Uliosubiri Vyumba Vipya

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko Ginza, Tokyo, kwenye Mnara wa Kapsuli wa Nakagin, ambao haupo tena. Juma, jengo hili bado linakuuma.

JUMA: Linaniuma sana, dada. Mbunifu majengo wa Kijapani, Kisho Kurokawa, alilikamilisha mwaka 1972: minara miwili ya zege yenye lifti na ngazi, kisha vyumba 140 vilivyotengenezwa kiwandani, ndizo kapsuli zenyewe, vikapandishwa kwa kreni na kupachikwa ubavuni. Kila kimoja kilishikwa kwa bolti nne.

REHEMA: Vikubwa kiasi gani?

JUMA: Mita 2.5 kwa 4. Humo mna kitanda, meza ya kukunja, televisheni, bafu na choo pamoja kama kwenye ndege, na dirisha moja la duara. Jiko hakuna! Kilikusudiwa mfanyakazi wa ofisini anayelala mjini siku za kazi. Mimi napenda kwamba hakuna sentimita iliyopotea.

REHEMA: Na ndiyo maana wakazi wa mwisho walikipenda, hata maji ya moto yalipokatwa mwaka 2010.

JUMA: Kurokawa na wenzake wa Metabolism, kundi la wabunifu majengo wa Kijapani lililoibuka 1960, waliuona mji kama mwili: seli zinakufa, nyingine zinazaliwa. Kapsuli zilitakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka 25 hivi.

REHEMA: Zikabadilishwa?

JUMA: Hata moja! Kila kapsuli ilikuwa na mwenyewe. Na zilibanana mno. Kuitoa ya chini ilibidi uziondoe zilizo juu yake. Sasa jirani wa juu, ambaye chake hakivuji, utamwambia nini?

REHEMA: Subiri, kaka. Usiwalaumu wenye vyumba. Kutu, kuvuja, asbesto ukutani, na ardhi ya Ginza bei yake inajulikana. Mwaka 2007 walipiga kura libomolewe, nami nawaelewa.

JUMA: Mwaka huohuo Kurokawa alikuwa bado anaomba minara ibaki, kapsuli zibadilishwe. Akafariki Oktoba. Ubomoaji ulianza Aprili 2022.

REHEMA: Lakini kapsuli 23 ziliokolewa. Moja imechukuliwa na SFMOMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya San Francisco. Mtoto anayesomea usanifu ataingia, aguse meza ile, aone nafasi ndogo inavyopangwa. Hilo si jambo dogo.

JUMA: Si dogo, nakubali. Ila kapsuli iliyokaa peke yake sakafuni ni chumba tu. Wazo lenyewe lilikuwa kuchomoa na kupachika, na hilo halijawahi kujaribiwa pale.

REHEMA: Kwa hiyo wewe ungehifadhi nini?

JUMA: Umiliki kwanza. Tazama Habitat 67, jengo la makazi la mbunifu Moshe Safdie kule Montreal, Kanada. Masanduku 354 ya zege yaliyopangwa kama kilima. Miaka ya 1980 wapangaji waliungana wakalinunua lote kwa pamoja, na mpaka leo watu wanaishi mle. Jengo la majaribio linataka chombo kimoja chenye uwezo wa kuamua, na fedha za matengenezo zianze kuchangwa wakati rangi bado mbichi.

REHEMA: Hapo tuko pamoja. Lakini zile 23 usiniguse. Nazitaka zote, na ikiwezekana baadhi zilaliwe tena.

JUMA: Zilaliwe, kabisa.