Kazi ni Kukausha: Mapambo ya Unga na Chumvi kwa Watoto wa Nyanda za Juu

(Mhadhara kwa wazazi na walimu wa madarasa ya awali, Iringa mjini, mwezi Novemba)

Kamwene! Kamwene tena, wa nyuma sijawasikia. Haya, ahsanteni. Walimu wenzangu, akina mama, akina baba, na bibi zetu mliokaa hapa mbele, shikamooni.

Nimeombwa niseme juu ya mapambo ya sikukuu yanayotengenezwa nyumbani na watoto, yale ya unga wa ngano na chumvi. Wengi mmeyaona kwenye simu: nyota, kengele, kiganja cha mtoto kilichogandamizwa kikabaki hapo. Na baadhi yenu mmeniambia mlijaribu mwaka jana, pambo likavimba katikati, au likapasuka, au lilikauka vizuri kisha likalainika na kudondoka kwenye uzi wake kabla ya mwaka mpya. Mkadhani mmekosea kipimo. Kipimo kilikuwa sawa. Maelekezo yale yameandikwa na watu wenye oveni, ambao Desemba yao ni baridi na ndani ya nyumba wanawasha vifaa vya joto vinavyokausha hewa. Desemba yetu sisi ni mvua.

Kwa hiyo nina jambo moja la kuwaambia, na mengine yote yatalizunguka hilo. Huku kwetu kazi yenyewe ni kukausha. Kukanda ni nusu saa tu. Anayetaka pambo la tarehe 25 Desemba aanze sasa, Novemba, na ule usimamizi wa kukausha awaachie watoto, kwa sababu humo ndimo wanamojifunza zaidi.

Kipimo ni vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, na maji yasiyozidi kikombe kimoja. Unga uwe ule wa kawaida wa chapati, usiwe uliochanganywa na hamira ya unga tayari, maana huo utaumuka. Changanya unga na chumvi vikiwa vikavu kwanza, kisha mimina maji kidogo kidogo. Maji yasiingie yote kwa mpigo. Kila tone unaloongeza leo utalidai jua likutolee kesho. Donge likiacha kunata mikononi, kanda dakika kama kumi mpaka liwe nyororo, kisha lifunike kwa kitambaa chenye unyevu lipumzike kidogo.

Nimeulizwa kama sembe inafaa, kwa kuwa ndiyo tuliyo nayo kwenye kila nyumba. Sembe peke yake haifai. Unga wa ngano una protini zinazoshikana unapokandwa na maji, zinafanya utando unaovutika, na utando huo ndio unaoshika pambo lisimeguke. Mahindi hayana huo. Ndiyo maana huwezi kusukuma chapati ya sembe ikakaa.

Bibi mmoja alinisimamisha mlangoni nilipokuwa naingia, akasema, "Mwanangu, chakula hakichezewi." Nimelichukua neno lake kwa uzito wote, na ninataka tulijibu hapa mbele yake. Vikombe viwili vya unga ni kama robo kilo na kidogo. Nyumba ambayo robo kilo hiyo ni chapati za watoto za jioni, isitengeneze mapambo ya unga. Ichukue udongo wa mfinyanzi. Wengine tuna unga uliokaa mpaka ukaingia fukusi, au uliopata harufu ya kabati. Huo uchekeche, utatosha. Na mtoto aambiwe wazi kwamba huu ni unga ambao hatutaula. Bibi, nadhani hapo tunaelewana.

Na huo udongo usiudharau. Kule Matema, kwenye soko la Lyulilo, vyungu vya wanawake wa Kikisi wa Ikombe vinapangwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na kila mfinyanzi atakwambia kwamba chungu kibichi hakiendi motoni. Kinakaushwa kwanza, taratibu, kwa sababu maji yaliyobaki ndani yakipata moto wa ghafla yanageuka mvuke na mvuke unatafuta pa kutokea. Pambo la unga lina tabia hiyo hiyo. Lile lililovimba katikati ni mvuke huo.

Sasa chumvi. Watu wanaona kikombe kimoja dhidi ya viwili wanadhani chumvi ni kidogo. Ipimeni kwenye mizani. Kikombe cha chumvi ni kizito mara mbili ya kikombe cha unga, kwa hiyo kwenye donge lile uzito wa chumvi unalingana na wa unga, au unaupita. Chumvi hiyo ndiyo inayozuia ukungu na wadudu, kwa kuvuta maji ambayo vijidudu vingeyatumia. Ndiyo inayofanya pambo lidumu miaka badala ya kuoza wiki ya pili. Lakini chumvi ina upande wa pili: unyevu wa hewani ukipita asilimia 75 hivi, chumvi huanza kuyanywa maji ya hewa yenyewe. Mnaona kibakuli cha chumvi mezani kinavyolowa siku za mvua. Pambo nalo hulowa hivyo hivyo, na lile lililotengenezwa kwa chumvi ya mawe yenye uchafu mwingi hulowa zaidi. Tumieni chumvi laini na kavu.

Na iwe ile ile ya jikoni yenye madini joto. Madini joto hayasaidii pambo kwa lolote, najua. Ila mkinunua mfuko wa chumvi isiyo nayo kwa sababu ni ya kuchezea, mfuko utabaki, na siku ya siku utaingia kwenye mboga. Nyanda zetu hizi zimeumwa sana na uvimbe wa tezi la shingo kwa kukosa madini hayo. Tusiufungulie mlango tena kwa sababu ya mapambo.

Hapa naomba mnisikilize wote, hata mnaonong'ona. Donge hili ni zaidi ya theluthi chumvi. Kipande cha gramu 15, ukubwa wa gololi kubwa, kina chumvi inayozidi gramu 5, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikie hata hizo 5 kwa siku nzima. Mtoto wa miaka miwili akimeza vipande viwili vitatu hilo si jambo la kucheka, mpelekeni kituo cha afya. Watoto wadogo wa umri wa kutia kila kitu mdomoni wakae kwa mtu mzima, wapewe donge la ugali wachezee. Mbwa vile vile, harufu ya unga inamvuta na chumvi inamuua. Na kuku! Tunaanika uani, kuku wapo uani, na kuku hastahimili chumvi nyingi. Anikeni juu, mahali kuku hafiki.

Tuje kwenye kusukuma. Unene uwe milimita 5 au 6, pungufu kidogo ya penseli. Wekeni penseli mbili, moja kila upande wa donge, juu ya kibao, mti wa chapati upite juu yake. Mtoto hata wa miaka mitano atapata unene ulio sawa. Usawa huo una maana, kwa sababu pambo nene upande mmoja na jembamba upande mwingine hukauka kwa kuvutana, likajikunja. Kukatia, tumieni mlichonacho: kopo, mdomo wa glasi. Mwanzi wa ulanzi ukikatwa kwa msumeno, vipande vyake vinatoa duara safi kuliko vikataji vya dukani, na kila nyumba huku inajua pa kuupata. Mchoro mgandamize na jani la chai, tawi la paini, gunzi la mahindi. Tundu la uzi toboa kwa mrija, sasa hivi likiwa bichi, na lisikae ukingoni sana.

Maumbo waachieni watoto. Nyota iliyopinda ni nyota. Lakini mkitaka kuwapa wakubwa wao, wa darasa la nne na la tano, kazi ya kufikiri, waambieni habari ya nyota ya Moravian. Wale waliotoka Rungwe wanaifahamu, maana wamisionari wa Kanisa la Moravian walifika huko mwaka 1891. Nyota ile yenye ncha nyingi ilianzia kwenye shule ya bweni ya kanisa hilo mjini Niesky, Ujerumani, miaka ya 1830, kama zoezi la somo la jiometri, kwa karatasi. Pambo la sikukuu lilizaliwa darasani, kwenye mikono ya wanafunzi. Na majirani zetu Waislamu waliopo hapa, mwezi mwandamo unakatwa kwa glasi moja tu: kata duara, kisha sogeza glasi kidogo na ukate tena. Mapambo haya yanangoja Idi bila shida, yakitunzwa makavu.

Kukausha, basi. Mwenye oveni aweke moto wa chini, nyuzijoto 100 hadi 120, saa mbili mpaka tatu, akigeuza katikati. Sisi wengine tuna ungo. Pangeni mapambo kwenye ungo, hewa ipite chini na juu, mtoe nje asubuhi jua linapotoka, mrudishe ndani mawingu ya mchana yakianza kukusanyika. Geuzeni kila siku. Kwa Iringa mjini, siku nne mpaka wiki zinatosha mvua ikiwa na huruma. Tukuyu ni habari nyingine. Kule kunanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sisi hapa hatufikii hata nusu yake. Wa Tukuyu watumie kichanja cha juu ya jiko la kuni, pale wanapohifadhi mbegu za mahindi. Pambo litapata rangi ya moshi kidogo, na mimi naona inapendeza.

Jambo moja sitalirudia mara mbili kwa sababu nataka liingie mara moja: msiingize jiko la mkaa chumbani usiku mkafunga madirisha ili mapambo yakauke. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na baridi yetu hii imeshaondoa watu kwa njia hiyo.

Watoto watajuaje kama limekauka? Waliweke shavuni. Likiwa na ubaridi, maji bado yanatoka. Waligonge kwa kucha, kavu hulia kama kigae. Au wapelekeni na pambo lao dukani, mwenye duka awapimie kwenye mzani kila siku, waandike. Uzito utashuka, utashuka, kisha utasimama. Siku uliposimama ndiyo siku ya kupaka rangi. Mtoto aliyeandika namba hizo mwenyewe ameona maji yakiondoka, kitu ambacho macho hayaoni, na walimu mnajua ni vigumu kiasi gani kukifundisha hicho ubaoni.

Rangi ikikauka, mtu mzima apake vanishi, mbele, nyuma, na ndani ya lile tundu, nje penye upepo na mbali na moto. Mara mbili. Bila vanishi pambo litakunywa unyevu wa Januari wote. Sikukuu zikiisha, funga kila moja kwa gazeti, tia kwenye ndoo yenye mfuniko, weka juu ya kabati, si sakafuni.

Unga na chumvi viko kwenye meza za nyuma, maji yako kwenye jagi kwa mwalimu. Wenye watoto chini ya miaka mitatu mje upande huu kwangu. Nawa mikono kwanza, na mwenye kidonda kidoleni asikande. Chumvi itamuuma, apewe kazi ya kukata.