Menifee: Mji wa Wastaafu Uliozingirwa na Watoto

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliopo, na ninyi wanafunzi wa mipango miji mliokubali kuikosa jioni ya Ijumaa, asanteni. Nimeombwa nizungumzie jinsi miji inavyokua pembezoni mwa majiji makubwa. Nimechagua mfano wa mbali, wa Marekani: miji iliyopangwa tangu mwanzo kwa ajili ya wazee tu, na tutaishia Menifee, mji wa California uliokua ukauzunguka mmojawapo. Sijui mpango mwingine wa mji uliotamka waziwazi kiasi hicho nani aishi humo na nani asiishi. Kwa hiyo unapoanza kulegea, mtu anaona vizuri umelegea wapi.

Tuanzie Arizona. Mwaka 1954 dalali mmoja, Benjamin Schleifer, alianzisha makazi ya Youngtown kwenye ardhi ya shamba, magharibi ya Phoenix. Watoto hawakuruhusiwa kuishi humo. Hesabu yake haikuwa ngumu. Pasipo watoto hapahitajiki shule. Pasipo shule kodi ya majengo inakuwa ndogo. Na kodi ikiwa ndogo, mstaafu anayeishi kwa pensheni ya serikali anaweza kumiliki nyumba yake. Wazee wakaja. Tawi la kwanza la AARP, kile chama kikubwa cha wastaafu wa Marekani, lilianzishwa hapo hapo Youngtown.

Jirani na hapo palikuwa na mashamba ya pamba, na mkandarasi aitwaye Del Webb akayapigia hesabu. Webb alianza maisha kama seremala, akatajirika kwa ujenzi, akawa mmiliki mwenza wa timu ya besiboli ya New York Yankees. Tarehe 1 Januari 1960 alifungua Sun City. Sasa hapa wapangaji naomba mtege sikio: hakuanza kwa kuuza viwanja. Alijenga kwanza uwanja wa gofu, ukumbi wa burudani, bwawa la kuogelea na maduka, akaweka nyumba chache za mfano, ndipo akafungua milango. Sisi tumezoea kinyume chake. Viwanja vinauzwa, watu wanahamia, halafu barabara na maji vinafuata baada ya miaka, kama vinafuata. Kampuni ilitegemea wageni elfu kumi hivi kwenye uzinduzi. Walikuja kama laki moja, foleni ya magari ikaziba barabara. Mwaka 1962 sura ya Webb ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time.

Naona nyuso zenu, najua mnachojiuliza: na wajukuu je? Mjukuu anakaribishwa, ila kama mgeni. Kwa masharti ya Sun City, aliye chini ya miaka 19 anaweza kukaa siku zisizozidi 90 kwa mwaka. Kwa sisi tuliolelewa na bibi zetu, wengine kwa miaka mizima, hilo ni gumu kumeza. Lakini tusiharakishe kuwahurumia wazee wale kana kwamba walitelekezwa. Wengi walihama wenyewe, kutoka majimbo yenye baridi kali, wakijua wanachonunua: jua, majirani wa rika lao na jioni zisizo na kelele. Na walikipata.

Tatizo linaanza mtu anapouliza: katazo hili la umri limeandikwa wapi, na nani analilinda? Mwaka 1988 bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya makazi, ikawa marufuku kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto. Makazi ya wazee yaliachiwa upenyo. Ama wakazi wote wawe wamefikisha miaka 62, ama walau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi, na jumuiya ithibitishe kwa kumbukumbu kwamba kweli inaishi kwa kanuni hiyo. Ile asilimia 20 inayobaki ina kazi. Mume wa miaka 60 akifa na kumwacha mjane wa miaka 50, huyo mjane asifukuzwe.

Sun City ililijenga katazo lake ndani ya hati za nyumba. Ukinunua, unanunua pamoja na sharti. Youngtown ilikuwa imeshajisajili kama mji wenye halmashauri yake mwaka 1960, na halmashauri ndiyo iliyokuwa ikisimamia katazo. Miaka ya 1990 babu na bibi mmoja walimchukua mjukuu wao, kijana aliyekuwa na matatizo kwao. Siku zake za ugeni zikaisha, halmashauri ikakataa kumwongezea. Kesi ikafika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na mwaka 1998 katazo la Youngtown likaanguka kwa kukosa msingi wa kisheria. Familia changa zikaingia, mtaa mpya ukajengwa. Sensa ya 2000 ilihesabu watu 3,010. Ya 2010 ikahesabu 6,156. Mji uliokuwa na zaidi ya miaka 40 ukawa umeongezeka maradufu ndani ya miaka kumi.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa California, kwa sababu huko hakuna aliyelifuta katazo, na bado mji uligeuka.

Webb alipoona Arizona imefaulu, alianzisha Sun City nyingine katika kaunti ya Riverside, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni bonde kavu la mashamba kati ya Los Angeles na San Diego, mbali na yote mawili. Alirudia mpango uleule: gofu, ukumbi, nyumba ndogo za chini zisizo na ngazi. Mauzo hayakufikia yale ya Arizona. Kwa miaka mingi palikuwa kisiwa cha wazee katikati ya mashamba, na ungeweza kuapa kwamba pataendelea kuwa hivyo.

Kilichopabadilisha kilitoka nje. Nyumba za pwani ya California zilipanda bei hadi mwalimu, nesi na askari zimamoto wakashindwa kununua. Wakasukumwa bara, wakifuata barabara kuu ya 215 mpaka walipokuta bei wanayoiweza. Ardhi iliyoizunguka Sun City haikuwa na sharti lolote la umri, kwa hiyo wajenzi wakaichukua. Zikaja nyumba kubwa za vyumba vinne na vitano, shule, na mwaka 1990 kampasi ya chuo cha Mt. San Jacinto. Kiini cha wazee kilibaki palepale na masharti yake. Mipaka yake ndiyo iliyopotea machoni.

Mwezi Juni 2008 wakazi walipiga kura, na tarehe 1 Oktoba mji wa Menifee ukazaliwa rasmi. Uliunganisha Sun City, Quail Valley, Menifee yenyewe na sehemu ya Romoland. Sun City ilikuwa na watu 17,773 katika sensa ya 2000. Mji mpya ulikuwa na 77,519 mwaka 2010, na 102,527 mwaka 2020. Waliokuwa mji mzima wakawa mtaa mmojawapo.

Je, walipunjwa? Mimi nasema hapana, na hapa ndipo nitakapotofautiana na baadhi yenu. Linganisheni na Sun City ya Arizona. Ile imekataa mpaka leo kuwa manispaa, ikihofia kodi. Usalama wake unategemea sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, akisaidiwa na wazee wanaojitolea kupiga doria, na usafi wa barabara unategemea wazee wanaojitolea kuokota taka. Walipiga kura kuangusha mikopo ya kujenga shule mara kadhaa, hadi mwaka 1974 wakatolewa kwenye wilaya ya shule ya Peoria, yaani eneo linalozilipia kodi shule hizo. Inapendeza wakati watu wa kujitolea wana miaka 65. Kila mtu akifika 80, ufagio ataushika nani?

Menifee ilipita njia nyingine, na haikuwa laini. Mwaka 2011 jimbo la California lilizinyang'anya manispaa changa sehemu ya mapato ya ada za magari, na mji wenye umri wa miaka mitatu ukajikuta umekatwa mguu. Wakaishi kwa kubana matumizi, polisi wakiwa wa kukodi kutoka kwa sherifu. Mwaka 2016 wapiga kura walikubali kodi ya ziada ya mauzo ya asilimia moja, na tarehe 1 Julai 2020 mji ukaanzisha jeshi lake la polisi. Kodi ile inalipwa dukani na kila mtu, na kwa idadi walio wengi ni vijana wenye familia. Gari la polisi linaloitikia simu ya bibi wa Sun City usiku wa manane limenunuliwa kwa sehemu na mama anayenunua daftari za watoto wake.

Bado kuna kiporo kimoja, nacho ni urithi. Mwenye nyumba ndani ya kiini anafariki, nyumba inamwangukia mwanawe wa miaka 40 mwenye watoto wawili. Kuimiliki anaweza. Kuishi humo na watoto wake, sharti la hati linamzuia. Basi anauza au anapangisha kwa mtu wa miaka 55, kisha ananunua nyumba mtaa wa pili ndani ya Menifee ileile, ambako hakuna anayemuuliza umri. Kama mji usingekua, angelazimika kuhama bonde zima.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Niishie hapo, tupokee maswali. Na anayetaka kunibishia kuhusu kodi aanze yeye.