Kutamka Sternocleidomastoid Bila Kuuma Ulimi

Karibuni tena, wanafunzi wenzangu wa uuguzi na utabibu, mlioko Kampala, Gulu, Mbale na popote Uganda. Mwaka wangu wa kwanza chuoni niliambiwa nisome gastrocnemius, jina la msuli wa mguuni, mbele ya darasa. Nikasoma: ga-si-to-ro-ki-ne-mi-u-si. Silabi tisa! Darasa zima likaangua kicheko, maana neno lenyewe lina tano tu.

Silabi za Kiswahili, na za Luganda vilevile, hupenda kuishia na irabu. Kiingereza hufunga silabi kwa konsonanti bila wasiwasi. Mimi nilikuwa nachomeka irabu kila penye mwanya.

Haya, andika daftarini: sternocleidomastoid. Usilitamke bado. Kwanza likate kwa maana. Sterno ni kidari, cleido ni mtulinga, mastoid ni kile kinundu cha mfupa nyuma ya sikio. Sasa geuza uso kushoto, ujipapase shingo upande wa kulia. Umeuona msuli uliokaza? Ndio huo: unaanzia kidarini na kwenye mtulinga, unapanda hadi nyuma ya sikio. Jina limekueleza njia yote.

Sasa silabi, tazama skrini: ster-no-clei-do-mas-toid. Sita. Clei tamka klai. Tutaanzia mkiani, maana ukianzia mbele pumzi itakuishia katikati. Toid. Mastoid. Do-mastoid. Klaido-mastoid. Stano-klaido-mastoid. Simamisha video urudie mara kumi, nakusubiri.

Mkazo uko kwenye MAS, silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea katika Kiswahili. Usizoee lakini! Kwenye gastrocnemius mkazo unarudi nyuma hadi ya tatu: gas-trok-NI-mi-us. Wagiriki waliuita msuli huo tumbo la mguu. Sisi tunasema shavu la mguu.

Herufi za hila: pterygoid, p haisikiki, TE-ri-goid. Xiphoid, x ni z, ZI-foid. Brachial, ch ni k, BREI-ki-al. Hapo Waganda wenzangu tujihadhari: katika Luganda r huandikwa baada ya e na i tu, basi ulimi utataka kusema “bleikial”.

Zoezi lenu: brachiocephalic. Brachio ni mkono, cephalic ni ya kichwa. Likate, jirekodi kwa simu, kisha hesabu. Ukipata zaidi ya silabi sita, kuna irabu umeichomeka mwenyewe.