Kufunga Wiki Ijumaa na Kuipanga Ijayo, Hatua kwa Hatua

Karibu, mtazamaji. Katika video hii nitakuonyesha namna ya kutenga saa moja kila Ijumaa ili ufunge kazi za wiki inayokwisha na kupanga zile za wiki inayokuja. Utahitaji daftari, kalamu, kalenda, na mahali ambapo hutasumbuliwa. Napendekeza saa tisa alasiri, kwa kuwa watu utakaohitaji kuwauliza jambo bado wako kazini, na wewe mwenyewe hujaanza kuwazia foleni ya magari ya jioni kwenye barabara ya Thika au Waiyaki Way hapa Nairobi. Ukiahirisha hadi Jumatatu asubuhi utakuwa ukipanga huku simu zikiita.

Hatua ya kwanza ni kukusanya. Weka mezani kila kilichokuachia kazi wiki hii: risiti zilizo mfukoni, barua pepe ulizozisoma bila kuzijibu, jumbe za WhatsApp ambamo uliahidi jambo, na taarifa ya M-Pesa ya siku saba zilizopita. Taarifa hiyo usiiruke, kwa maana hufichua mambo ambayo umekwisha kuyasahau, kama vile fundi aliyelipwa nusu au mteja aliyetuma pesa na bado anasubiri mzigo wake. Andika kila jambo kwenye mstari wake, bila kulipima uzito kwa sasa.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha saa hii nzima, nami nakuomba usiiharakishe. Pitia mstari mmoja baada ya mwingine na uukatie shauri: ama kazi hiyo uimalize papo hapo kwa kuwa ni ya dakika chache, ama uipangie siku na saa, ama umkabidhi mtu mwingine, ama uifute kabisa. Tazama mstari huu nilioandika hapa: “Ankara ya Industrial Area.” Ukiuacha hivyo, Jumatatu utausoma, utashusha pumzi na kuupita. Sasa nauandika upya: “Jumanne saa nne asubuhi, kumpigia simu mhasibu wa mteja wa Industrial Area na kumwuliza kama ankara ya mwezi uliopita imeidhinishwa.” Sasa mstari una kitendo, una mtu na una wakati, na Jumanne ikifika hutalazimika kufikiri upya uanzie wapi.

Utafiti unaunga mkono jambo hili. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliripoti kwamba watu aliowapima walikumbuka zaidi kazi zilizokatizwa kuliko zilizokamilika. Na mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister wakaonyesha kwamba kuweka mpango mahususi wa kazi ambayo haijakamilika hupunguza namna inavyomsumbua mtu akilini, hata kabla hajaigusa. Kwa hiyo unapoipa kazi siku na saa, unajipatia pia Jumamosi yenye utulivu.

Kufuta ndiko kunakowashinda wengi. Jambo likihamishwa wiki hadi wiki bila kuguswa, ligawe hadi upate kipande kidogo unachoweza kukianza, au kubali kwamba hutalifanya. Kama ulikuwa umemwahidi mtu, mwarifu leo kabla hajatoka kazini, kwa sababu kunyamaza kwako hakumpi yeye nafasi ya kutafuta msaada kwingine.

Hatua ya tatu, fungua kalenda na utazame wiki mbili zijazo. Anza na yale yasiyohamishika. Kama umeajiri watu, ushuru wa PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mishahara yao, hulipwa kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Kama umesajiliwa kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, mwisho ni tarehe 20. Angalia sikukuu, kwa mfano tarehe 10 na 20 Oktoba, ambazo hupunguza siku za kazi za mwezi huo. Angalia pia ratiba ya mgao wa maji mtaani kwako na matangazo ya Kenya Power kuhusu maeneo yatakayokatiwa umeme. Ikiwa mtaa wako umetajwa Jumatano nawe hufanyia kazi nyumbani, amua leo hii kuisogeza kazi ya kompyuta hadi siku nyingine. Kisha unganisha safari: anayeishi Kasarani na ana miadi katikati ya jiji na Upper Hill aombe zote ziwe siku moja. Usijaze kila saa. Acha nafasi kila siku, kwa kuwa yasiyotarajiwa hayakosi.

Hatua ya nne ni fupi: chagua mambo matatu ambayo yakikamilika utaridhika na wiki yako, uyaandike juu ya ukurasa mpya. Hapohapo, weka alama kwenye siku yako ya mapumziko. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na aliyejiajiri naye ajipe haki hiyohiyo.

Mwisho, tuma jumbe zote ulizoamua kutuma, hata kama ni saa kumi na moja kasorobo. Ijumaa ikikupita kwa dharura, fanya hatua ya pili peke yake Jumamosi asubuhi, nazo hatua nyingine uziache hadi Ijumaa ijayo.