Korosho Kumi na Mbili Mezani

(Mhadhara kwa wanafunzi wa sekondari na wazazi wao, Mtwara mjini)

Shikamooni wazee. Wanafunzi, hamjambo? Sikuja na mtihani. Nimekuja na kipande cha boksi, vipande vya ukili wa mkeka, na korosho, ambazo naomba zisiliwe kabla hatujamaliza.

Nilipokuwa kidato cha pili, huko mkoa wa Lindi, mwalimu aliandika ubaoni x² + 7x + 12. Akataka vigawo vyake, yaani mabano mawili ambayo yakizidishwa yanaurudisha. Akasema tutafute namba mbili: tukizizidisha tupate 12, tukizijumlisha tupate 7. Tukaandika (x + 3)(x + 4), tukapigiwa vema. Kwa nini tuzidishe, kwa nini tujumlishe? Kuuliza kulikuwa na fimbo yake. Nikakariri.

Sasa tazameni mezani. Boksi hili ni mraba, kila upande x, kwa hiyo eneo lake ni x². Hiyo x ni ngapi? Hatujui, wala haitusumbui. Vipande hivi saba vya ukili vina urefu wa x na upana wa korosho moja: ndiyo 7x. Na korosho zenyewe 12. Kazi ni kuvipanga vyote viwe mstatili mmoja, pasiwe na pengo, pasibaki kitu.

Njoo, binti. Haya, ameweka vipande vitano kulia kwa boksi, viwili chini. Kona iliyo wazi ni tano kwa mbili, imemeza korosho 10, na mbili zimembaki mkononi. Panga upya. Sita na kimoja? Kona inakula 6 tu, hapo umezidi kuharibu. Jaribu vinne na vitatu... Eeh! Kona imejaa. Kumbe kujumlisha ni kuugawa ukili pande mbili, na kuzidisha ni kuijaza kona. Vigawo, (x + 3) na (x + 4), ndizo pande za mstatili.

Mwanahisabati Al-Khwarizmi, huko Baghdad katika karne ya 9, alichora vivyo hivyo. Swali lake mashuhuri: mraba ukiongezwa mara kumi ya upande wake, unapata 39. Ile kumi akaikata tano na tano, kona ikamdai 25. Akaijaza: 39 na 25 ni 64, mraba wa 8. Toa 5, upande ni 3. Sisi tungeandika (x + 13)(x − 3) = 0, tukapata na −13 juu yake. Yeye hiyo hakuihesabu. Upande wa hasi utaukata kwa mkasi gani?

Sasa mzee wangu pale mbele amekwishakula korosho moja, nimemwona. Zimebaki 11, na ukili ni uleule saba. Kona zinazowezekana ni 6, 10 na 12. Ya 11 haipo. Hapo hukukosea wewe, usemi wenyewe, x² + 7x + 11, hauna vigawo vya namba nzima.

Naona mkono kule nyuma. Anauliza, "Mwalimu, maboksi yakiwa mawili?" Swali zuri. Tuseme 2x² + 7x + 3. Yalaze maboksi ubavu kwa ubavu. Kipande kimoja cha ukili kisimame mwishoni, kulia. Sita vilale chini, vitatu kwa kila boksi. Kona imebaki nyembamba, moja kwa tatu, na mkononi una korosho tatu. Haya, njoo upime pande mwenyewe.