Dawa kwa Saa, Si kwa Kilio

Habari za jioni, wazee wangu wa Tanga. Wanaonijua wanajua naanzia wapi. Mtoto akishatolewa mafindofindo, parasetamo apewe kila baada ya saa sita, alie asilie. Kila nikisema hivi naulizwa, "Dokta, na akiwa amelala?" Mwamsheni! Siku tatu nne za mwanzo, mwamsheni.

Mama mmoja wa Ngamiani alimleta mwanawe siku ya tano. Mtoto midomo imekauka, tangu alfajiri hajakojoa. Dawa je? "Alikuwa halii, dokta, katulia tu, nikaona nisimjaze madawa." Katulia! Kulia kunamuuma, kumeza mate kunamuuma, afanye nini zaidi ya kunyamaza? Chupa ya dawa imo mkobani, imejaa mpaka shingoni. Tukampa kipimo chake, tukasubiri. Baadaye bibi yake akammiminia dafu. Akanywa kidogo kidogo, akamaliza kikombe, akanyoosha mkono kutaka kingine. Hiyo ndiyo kazi ya dawa: mtoto anywe. Asipokunywa koo hukauka, likikauka linauma maradufu, na hapo ndipo mnaporudi wodini kutundikiwa dripu.

Kuna baba hapo nyuma anawaza ini. Baba, kinachoharibu ini ni kuzidisha. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto. Wa kilo 16 ni miligramu 240. Kwa dawa ya maji yenye 120 katika mililita 5, ni mililita 10, mara nne kwa siku, basi. Pimeni kwa bomba la sindano, sindano yenyewe mkiitoa, wala si kijiko cha kukorogea chai. Na dawa za mafua someni kibandiko. Nyingi zina parasetamo humohumo.

Siku ya tatu hadi ya saba maumivu huweza kuzidi. Utando mweupe kooni si usaha. Sikio kuuma, ni mshipa wa fahamu uleule wa kooni. Msikimbilie kwa mkata vimeo, tafadhalini!

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa. Dawa nyingine za maumivu: ibuprofeni, daktari wenu akiiandika. Aspirini hapana. Kodeini hapana kabisa: Marekani na Ulaya walitoa onyo kali mwaka 2013, baada ya watoto kushindwa kupumua na wengine kufa. Damu mbichi mdomoni, hata siku ya kumi, hospitali usiku huohuo.

Ndiyo, mama wa kanga nyekundu. Barafu ya ukwaju? Itamchoma. Ya maziwa mpe.