Gemu Inayomtoa Kijana Kitini

Mhadhara kwa walimu wa michezo, wazazi na viongozi wa vijana, Kinondoni, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliojibana kule nyuma, habari za mchana.

Mama mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Mwalimu, leo uwaambie waache hayo magemu." Mama yangu, nitakuudhi kidogo. Nimekuja kuomba gemu ziingie shuleni, kwenye kipindi cha michezo, mchana kweupe, na mwalimu akiwepo. Naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unikatalie.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za shughuli inayomtoa jasho na kumpandisha pumzi. Mwaka 2019 ilichapishwa tathmini ya shirika hilo, iliyotumia takwimu za mwaka 2016 kutoka nchi 146. Asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango hicho. Kwa wavulana ni asilimia 78, kwa wasichana 85. Hiyo 85 naomba muishikilie, nitairudia.

Sasa tujiulize sisi walimu: mtoto wetu anakutana na mazoezi wakati gani? Amechelewa paredi, kichura. Amepiga kelele darasani, pushapu. Hakumaliza kazi ya nyumbani, zunguka uwanja. Tumemfundisha kwa miaka mingi kwamba kukimbia ni malipo ya kosa, kisha akimaliza shule tunamshangaa hataki hata kupanda ngazi. Mchakamchaka wa asubuhi ulikuwa na nyimbo, ulikuwa na raha yake, watoto walikimbia huku wanaitikia. Adhabu haina wimbo.

Nendeni mkakae kwenye kibanda cha gemu. Mimi nakaa sana, Manzese na Tandale, kwa sababu wanafunzi wangu wako huko. Benchi moja, runinga moja, feni inayolia, pedi za kuchezea zimezungushiwa selotepu. Kijana anafungwa matatu bila kwenye gemu ya mpira, anaachia pedi. Je, anaondoka? Haondoki. Anasimama nyuma ya benchi, anauliza, "Nani wa mwisho?" ili apange foleni upya, na huku anamwangalia aliyemfunga anavyopitisha mpira pembeni. Kijana huyohuyo akishindwa mbio za mita 100 shuleni mara moja, mwaka mzima humwoni tena uwanjani.

Kibandani anapata jibu papo hapo: umekosea hapa, rudia. Anapata mpinzani anayelingana naye, maana wakali wanacheza na wakali. Na ana watu wanaomwona anavyopanda. Uwanjani kwetu tunamwambia mtoto kimbia, mwenye mbio anashinda kila siku, aliyebaki nyuma anachekwa, na hakuna anayemwambia kwamba leo amepunguza sekunde mbili zake mwenyewe.

Watengenezaji wa gemu walishaliona hili. Mwaka 1998 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa Dance Dance Revolution. Unasimama juu ya jukwaa lenye mishale minne, muziki unapiga, mishale inapanda kwenye kioo, na unatakiwa kukanyaga mshale wako kwa wakati wake. Ukiwahi umekosa, ukichelewa umekosa. Vijana wa Kijapani walilowa jasho kwenye kumbi za gemu bila mtu kuwaambia wafanye mazoezi. Mwaka 2006 Nintendo wakaleta Wii, unashika kidude mkononi na kurusha mkono kama unayecheza tenisi. 2010 Microsoft wakaja na Kinect, kamera inayousoma mwili mzima.

Je, zinachosha kweli? Watafiti wa Liverpool walipima vijana wa miaka 13 hadi 15 wakicheza Wii, matokeo yakachapishwa 2007. Walitumia nguvu zaidi kuliko kwenye gemu ya kukaa, lakini kidogo kuliko wangeucheza mchezo wenyewe uwanjani. Kwa hiyo asije mtu akatuuzia mashine akatuambia imechukua nafasi ya mpira.

Hapa ndipo penye jambo langu hasa. Huko Houston, Marekani, watafiti waliwapa watoto wa miaka 9 hadi 12 mashine za Wii nyumbani. Kundi moja likapewa gemu za kujongea, jingine gemu za kukaa. Wakawafunga vipimo vya mwendo, wakawafuatilia kwa wiki 13. Matokeo, yaliyotoka mwaka 2012, yalionyesha kwamba hapakuwa na tofauti. Mtoto mwenye gemu ya kuruka hakujongea zaidi ya mwenzake kwa siku nzima.

Kisha Julai 2016 ikaja Pokémon GO, ya kwenye simu, inayokutaka utembee mtaani kutafuta viumbe. Watu walitembea kweli. Utafiti uliofanywa Marekani ukaona kwamba wiki ya kwanza wachezaji waliongeza hatua 955 hivi kwa siku. Kufika wiki ya sita, wamerudi walikokuwa.

Mzazi anaweza kusema, basi, si umeshajijibu mwenyewe? Sijamaliza. Watoto wa Houston waliachiwa mashine sebuleni wajiendeshe. Hapakuwa na zamu, hapakuwa na timu, wala mtu wa kumwuliza jana ulifika wapi. Upya wa gemu humwinua kijana kwa siku chache. Baada ya hapo anayemrudisha ni mwenzake anayemsubiri. Ndiyo maana sitaki mzazi yeyote hapa akatoe akiba yake kununulia mashine ya chumbani. Jimbo la West Virginia, Marekani, mwaka 2006 lilitangaza kupeleka ile gemu ya mishale kwenye shule zake zote za umma, 765, iwe sehemu ya kipindi cha michezo. Mahali pake ni hapo, kwenye kundi, chini ya mwalimu.

Na sisi wa Dar hatuanzi sifuri. Nani hapa hakucheza kombolela? Mmekamatwa wote, mmesimama pale kwenye kopo, amebaki mmoja mafichoni, anachomoka mbio analipiga teke, wote mnapona, kelele mtaa mzima. Na rede! Watupaji wawili huku na huku, wewe katikati unakwepa mpira huku unajaza mchanga kwenye chupa. Unainama, unaruka, unageuka, unachota, na chupa inakuonyesha umebakiza kiasi gani. Kila kinachomshika kijana kibandani kimo ndani ya rede, pamoja na jasho.

Ila wachezaji wa rede wakifika kidato cha kwanza wanapotea. Hapa ndipo ile 85 inaponiuma. Binti wa darasa la sita anaruka kama swala. Miaka miwili baadaye amekaa kivulini na daftari lake. Kiwanja kimeshikwa na wavulana. Sketi haimruhusu kuruka. Siku nyingine hana taulo za kike. Na wapo wa kumtolea maneno akikimbia kifua kinatikisika, wengine watu wazima kabisa. Tunasema wasichana ni wavivu. Jamani, si haki.

Kwa mabinti hawa gemu ya mishale inafaa kuliko kitu chochote ninachokijua. Haihitaji kiwanja. Darasa moja linatosha, madawati pembeni, mlango unafungwa, mwalimu wa kike yumo ndani. Ina muziki, na binti ambaye hakubali kukimbia mbele za watu atacheza muziki na wenzake mpaka kengele ilie.

Vifaa? Ipo programu ya bure ya kompyuta, StepMania, inayofanya kazi ileile ya mishale, na unaweza kuiwekea nyimbo zako mwenyewe. Anzeni na Bongo Fleva ya taratibu. Singeli iwekeni levo ya mwisho kabisa, kwa sababu mapigo yake yanapita 200 kwa dakika na anayeanza nayo atavunjika moyo. Mkeka wa kukanyagia unachomekwa kwenye kompyuta kama kipanya. Mkeka ukiwa mmoja na wasichana 40, chora mishale kwa chaki sakafuni: mmoja yuko kwenye mkeka, waliobaki wanafuata kioo kwenye chaki zao, zamu inazunguka. Umeme ukikatika, kiongozi anaita mishale kwa mdomo na kundi linapiga makofi.

Kitabu cha alama kiandike mtoto amepanda kiasi gani tangu wiki iliyopita. Usibandike ukutani jina la aliyeshika mkia. Wapangeni wawili wawili, alama zao zijumlishwe, ili mmoja asipokuja mwenzake amfuate. Na mwezi mmoja baadaye, gemu ikishaanza kuchosha, wapeni wao wenyewe kazi ya kupanga mishale ya wimbo mpya. Mkichelewa hapo mtawakosa, kama wale wa Pokémon wa wiki ya sita.

Wenye vibanda nao nawaomba. Najua wazazi wana hoja: watoto wanatoroka shule, na kuna mahali gemu imegeuka kamari. Saa za shule fungeni mlango kwa mwenye sare, na pesa za kuwekeana zikataeni. Mkifanya hivyo, mtaa una sababu ya kuwaunga mkono mkiweka mkeka mmoja kando ya benchi.

Maswali tutayachukua huku tunacheza. Mkeka uko pale karibu na dirisha, umeshaunganishwa, na dada zetu wa kidato cha pili watatuonyesha. Walimu ndio wa kwanza. Vueni viatu, tafadhali. Soksi zinateleza, vueni nazo. Mama, njoo tuanze na wewe.